Chai Niliyoimimina Bila Kuionja

Jumatatu, 21 Aprili

Muhula wa tatu umefunguliwa leo. Mume wangu Usumani, fundi cherehani, amenipa daftari hili, moja ya yale anayoandikia vipimo vya wateja wake, akaniambia niandike humu yale ninayomsimulia kila jioni wakati yeye anataka kusikiliza mpira redioni. "Wee Mwarimu," amesema, akiniita kama wanavyoniita shuleni, "hata mvua ikikulowesha unauliza nani ameituma."

Nimemjibu kwamba mvua ya leo ilikaa kimya kutoka Nyamirambo mpaka Nyabugogo, ikapita nami Gatsata bila tone, ikangoja nishuke kwenye moto, pikipiki ya abiria, pale chini ya shule ndipo ikamwagika. Yeye aseme ni bahati mbaya. Mimi nafundisha darasa la kwanza tangu mwaka 1995, na nilichojifunza ni kwamba hakuna kinachomwagika chenyewe.

Basi naandika. Nitaandika Kiswahili cha nyumbani, hata yale ambayo watu wa kilimani, kule iliko shule, wameyasema kwa Kinyarwanda, kwa sababu hasira zangu huja kwa Kiswahili.

Jumatano, 23 Aprili

Mkuu wetu wa shule, Frederick, aliyekulia Uganda na ambaye hajamaliza mwaka kwetu, leo ameingia darasani kwangu bila kubisha. Amekaa benchi la nyuma, magoti yakamfika kidevuni, akaandika. Anapenda aitwe Hedi. Mimi namwita Dirigiteri, kama tulivyowaita wote waliomtangulia.

Wakati wa mapumziko ameniuliza, "Mwalimu Yasmina, wewe iko na miaka ngapi ya kazi?" Nimemwambia. "Na miaka ya kuzaliwa?"

"Hiyo muulize mume wangu, ndiye anayeikumbuka."

Amecheka kwa meno ya mbele tu. Mtu hakuulizi umri bure, kuna kitu anakupimia. Nilipokuja hapa madarasa hayakuwa na milango, na kila mtoto alikuja na jiwe lake la kukalia. Nimefundisha kuhesabu kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiingereza. Lugha zimebadilishwa, vidole ni vilevile. Nusu ya wazazi wa darasa langu walikuwa darasa langu. Halafu mgeni wa juzi anakuja kunihesabia miaka.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya chini bado imekatwa na udongo ulioporomoka wakati wa likizo. Watu wanapita kwa miguu, magari hayapiti. Darasa nusu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nisipoandika leo sitalala.

Kwanza niseme desturi. Kilimani kwetu watu wanaogopa sumu ya kurogana, amarozi, kuliko wanavyoogopa radi. Hakuna anayekunywa kitu ambacho aliyempa hajakionja mbele ya macho yake. Soda hufunguliwa mbele ya mgeni. Mwaka wangu wa kwanza walipokea chai yangu kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaenda kuimwaga nyuma ya ukuta. Mimi mtoto wa Nyamirambo, kwetu chai inamiminwa tu na watu wananywa. Nilijifunza. Namimina, napiga funda moja, ndipo nampa mtu kikombe. Nimefanya hivyo miaka yote, na chai yangu ya maziwa na tangawizi ikawa chai ya shule nzima.

Leo nilikuwa nimefunga. Malaria ilinila siku kadhaa za Ramadhani, nazilipa Jumatatu na Alhamisi. Funga ya kulipa haitangazwi, tena kwenye kilima chenye makanisa kila kona. Chai nilibeba kama kawaida kwa sababu Joselyne huingojea.

Joselyne anafundisha darasa la pili. Mimi ndiye niliyemshika mkono wake mdogo akaandika herufi ya kwanza, na alipomaliza chuo cha ualimu alirudi kilimani kwetu badala ya kukimbilia mjini. Mwezi wa saba familia ya kijana anayeitwa Gwiza inaleta ng'ombe kumposa. Nilimmiminia, nikampa. Sikuonja. Jean-Berchmans, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa mlangoni; alikuja kwa habari ya maharage ya chakula cha mchana. Naye ni mwanafunzi wangu, yule aliyekuwa akila chaki. Nilimkaribisha kikombe, akasema ametoka kunywa uji. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa mapajani.

Joselyne alikunywa nusu. Akaacha kuzungumza katikati ya neno. Kikombe kilianguka, naye akaanguka juu yake, mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka, povu likamtoka. Mimi nilisimama. Mimi ambaye nimefunga majeraha, nimetoa maharage kwenye pua za watoto, nilisimama kama nguzo ya umeme. Jean-Berchmans alimrukia, akambana mabega, meza ikapinduka, chupa ya chai ikavunjika na chai yote ikaenda sakafuni.

Wanaume wanne walimteremsha kwa ingobyi, ile machela yetu ya kubeba wagonjwa, wakipokezana kwenye matope mpaka kituo cha afya. Jean-Berchmans alirudi kuchukua kofia yake.

"Mwarimu, wewe hukunywa."

"Nimefunga."

"Ramadhani si iliisha mwezi uliopita?"

Nilianza kumweleza habari ya siku za kulipa. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kama mtu anayedanganya.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda kituo cha afya na ndizi. Mama yake Joselyne ametoka mlangoni, amezipokea, ameshukuru, amesema mgonjwa amelala. Nilipofika kona nikageuka. Ndizi zilikuwa juu ya benchi la nje, na yeye hakuwapo.

Jumatano, 30 Aprili

Hesabu za kutoa nazifundisha kwa karanga. Nampa kila mtoto karanga tano za kukaanga, nasema kula mbili, zimebaki ngapi? Hakuna mtoto aliyewahi kusahau hesabu aliyoila. Watu wa elimu wamekuja kuniona nikifanya hivyo na wameandika kwamba ni mbinu shirikishi. Mimi naiita karanga.

Leo nimegawa. Darasa zima limezitazama.

"Akimana, una tano. Ukila mbili?"

Akimana ni binti wa Jean-Berchmans, mtoto mwepesi, hajawahi kukosa. "Zinabaki tano, Mwarimu."

"Zinabakije tano?"

"Kwa sababu sili."

Wenzake hawakucheka. Nilizikusanya zote, nikasema tutahesabu kwa vijiti.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Usumani anasema niwaambie tu kwamba nilifunga. Nimewaambia. Anasema niwaambie tena. Mtu anayerudia anaonekana ana la kuficha.

Jumatatu, 5 Mei

Joselyne amerudi. Amekonda. Nimemsalimu, ameitikia akitazama kiatu changu.

"Madaktari walisema nini?"

"Hawakuona kitu, Mwarimu."

Hawakuona kitu! Mtu akitoka kwa daktari hutoka na jina la ugonjwa, hata kama ni la uongo. Malaria, vidonda vya tumbo, uchovu. "Hawakuona kitu" ni maneno yanayoacha mlango wazi, na kila mtu kilimani ameingia kwa mlango huo. Jioni mama mmoja amekuja kuchukua mtoto wake kwangu, anampeleka shule ya ng'ambo ya bonde. Anasema ni karibu na shangazi yake. Huyo mtoto hana shangazi, familia yote naijua.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Watatu wengine wameondoka. Wote wana mashangazi ng'ambo ya bonde.

Ijumaa, 9 Mei

Dirigiteri ameniita ofisini. Ameniwekea soda, ameifungua mbele yangu, na yeye amejimiminia kidogo kutoka chupa hiyohiyo, akanywa kwanza. Aliyemfundisha desturi amemfundisha haraka.

"Mwalimu, hii maneno iko mingi. Mimi naona ungepumzika kidogo nyumbani, mpaka ipoe."

"Na darasa langu?"

"Tutapata mtu."

Nilijua! Alihesabu miaka yangu mwezi uliopita, na sasa "tutapata mtu". Mtu huyo ana jina tayari, nakwambia. Nimemwambia nitapumzika nikifa, na soda yake nimeiacha mezani imejaa. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza nani amemwandaa.

Jumanne, 13 Mei

Nimemvizia Jean-Berchmans njiani, pale wanapochotea maji. Sikutaka aseme nyuma ya mgongo wangu kile anachoweza kusema mbele ya uso wangu.

"Unawaambia watu nimemroga Joselyne?"

Ametua dumu lake. "Sisemi umemroga, Mwarimu. Wakiniuliza nasema nilichoona. Alikunywa, wewe hukunywa, akaanguka."

"Unanijua tangu una miaka saba."

"Ndiyo maana inaniuma. Lakini Akimana ninaye mmoja." Kisha akaongeza, akiangalia maji, "Wewe ndiye ulitufundisha, usiseme unajua kama hujui. Mimi sijui."

Ningependa kumchukia, lakini hata chuki amenikosesha. Huyu si mchonganishi. Basi ni nani? Usiku nimewapanga wote kichwani kama ninavyopanga watoto mstarini, na nimeona kwamba mmoja hajawahi kufungua kinywa tangu siku ile. Joselyne.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemtazama siku mbili bila yeye kujua. Haya ndiyo niliyoyaona. Hapandi moto kamwe, hata mvua ikinyesha, anatembea. Jikoni kwa wapishi wetu haingii, anasimama mbali na mafiga akinyoosha sahani. Saa ya mapumziko anakwenda nyuma ya matangi ya maji na chupa ndogo, anarudi anapangusa midomo. Mtu anayejificha kunywa maji si mtu wa kawaida.

Nimeanza kuwaza kwamba Dirigiteri amemwahidi darasa langu. Nimeanza kuwaza hata lile povu lilikuwa la nini. Nimemwambia Usumani. Akasimamisha cherehani. "Wee, unasema huyo mtoto alijiangusha?" Nikasema sisemi, nawaza. Akasema, "Basi waza kimya kimya."

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimejua.

Nilikwenda Kabeza kwa mdogo wangu, ana duka la vitenge barabara ya kwenda Kanombe. Nilikuwa nimekaa ndani nikila sambusa yake, nikamwona Joselyne akitoka duka la dawa la upande wa pili, kichwa kimefunikwa kitambaa ambacho hajawahi kukivaa shule. Mwalimu wa kilima chetu, Kabeza! Mabasi mawili na mguu mrefu juu yake, wakati kuna maduka ya dawa Gatsata na Nyabugogo, njiani kabisa. Sambusa niliiacha.

Nilimfuata mpaka kituo cha basi. Ameniona wakati nimeshamkaribia, akabana mkoba kifuani. Hapo nikatumia hila kongwe kuliko zote za mwalimu wa darasa la kwanza, ile ya kusimama mbele ya watoto chaki ikipotea na kusema najua aliyechukua, kisha kunyamaza.

"Najua yote," nikasema.

Sikujua lolote. Lakini niliwahi kumfundisha huyu mtoto, na uso wake ukafanya kile ulichokuwa ukifanya akiwa na miaka saba, kidevu kwanza.

"Nani amekuambia igicuri yangu?"

Kifafa. Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro, mabasi yakapita tukaacha. Kilimwanza akiwa chuo cha ualimu. Dawa anazipata Kabeza kwa sababu kule hakuna anayemjua. Akizimeza kila siku, kule nyuma ya matangi, haanguki. Barabara ilipokatwa na udongo, mwanzoni haikupitika hata kwa miguu, hakuweza kushuka kuzichukua, zikamwishia. Shule ikafunguliwa, akadhani atavuka siku chache mpaka apate nafasi ya kwenda. Hapandi moto asije akaanguka njiani. Hasogelei jiko kwa sababu hiyohiyo.

"Na kituo cha afya?"

"Waliona ni igicuri. Niliwaomba wasimwambie mtu, hata mama."

"Ukaniacha mimi."

"Mwarimu, unajua watu wetu wanavyosema. Wanasema mate ya mwenye igicuri yanamrukia mwingine. Watatoa watoto kwangu wote. Na nyumbani kwa kina Gwiza, mama yake akisikia, ng'ombe hawaji."

"Nimeuliza mimi. Ukaniacha mimi."

Alilia kidogo, bila sauti, kama watu wanaolia kwenye kituo cha basi. "Nilidhani wewe huwezi kuguswa," akasema. "Wewe ni Mwarimu. Nilidhani wiki moja itakwisha, watacheka, watarudi."

Nilimwacha hapo. Sikumuaga. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niende nayo wapi, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na furaha, na furaha hiyo sikuipenda lakini ilikuwepo. Sikumroga mtu! Nilijua sikumroga mtu, lakini siku nyingine usingizini nilikuwa nimeanza kujiuliza niliweka nini kwenye ile chai.

Usumani amenisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa kwenye suti anayoishona. "Sasa jina lako liko mkononi mwako," amesema. "Na la kwake pia."

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika shuleni nikiwa na sentensi moja tayari mdomoni. Nimerudi nayo.

Jumanne, 20 Mei

Ugonjwa si aibu. Mimi najua, Usumani anajua, daktari anajua. Nenda kamwambie mama mkwe.

Alhamisi, 22 Mei

Vipindi vyangu viwili vya mwisho wa mchana nimevifundisha kwa mabenchi matatu tu yaliyojaa. Akimana bado yupo, lakini anakuja na maji yake na hanishiki mkono. Nikiinama kusahihisha daftari la mtoto, anabana pumzi mpaka niinuke. Ninasahihisha haraka haraka ili wasipate kizunguzungu.

Ijumaa, 23 Mei

Dirigiteri anasema tarehe 31, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, wazazi watakaa kikao hapa shuleni. Wakisema hawanitaki darasani, atanipeleka stoo ya vitabu mpaka mwisho wa mwaka. "Kule hakuna kelele," amesema. Miaka yangu yote ya kazi iishie kulinda vitabu visiliwe na panya.

Nimemuuliza kama anaamini nimeweka sumu. Amesema, "Mimi kuamini haisaidii." Sijui kama hilo ni jibu la rafiki au la karani.

Jumanne, 27 Mei

Joselyne ananikwepa. Nikiingia chumba cha walimu anatoka. Nimeanza kuwaza atanitangulia, atasimama kikaoni aseme Yasmina alinifuata mpaka Kabeza, ananitisha. Nani atamkatalia? Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Ninalala vibaya.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekata. Vumbi la kwanza. Nimemwambia Usumani kesho nitasema kweli yote, na asinizuie. Hajanizuia. Hilo pia limenikera.

Jumamosi, 31 Mei

Umuganda ningeweza kuufanya mtaani kwetu Nyamirambo, lakini nimepanda kilimani na jembe la kuazima. Tumezibua mtaro wa juu ya shule uliojaa udongo wa mvua. Nimepangwa peke yangu kwenye kipande kirefu. Hakuna aliyesema, wote walijikuta tu wako kwingine. Nimechimba vizuri kuliko wanaume wawili niliowaona.

Kisha tumekaa uwanjani. Dirigiteri amefungua kikao, amesema maneno laini. Jean-Berchmans amesimama, kofia mkononi.

"Sisi hatumshitaki mtu," amesema. "Mwarimu ametulea. Lakini tunaomba kusikia kutoka kwake, siku ile kulikuwa na nini ndani ya chai."

Nimesimama. Sentensi yangu ilikuwa tayari. Joselyne alikuwa ameegemea ukuta wa darasa la pili, na mbele yake, kwenye mkeka, alikaa mwanamke mnene aliyejitanda begani mshanana wa zambarau, akimpasia maji ya kunywa na kumwita mwanangu. Mama yake Gwiza. Joselyne hakuwa akinitazama. Alikuwa ameyafumba macho na kuinua uso kidogo, kama watoto wanavyofanya wanapongoja sindano ya chanjo na wameshakubali.

Hakuwa ametayarisha neno la kunisingizia. Wiki mbili nzima nilikuwa nikimwona adui, kumbe alikuwa amesimama tu pale anangoja nifanye nitakalo.

"Maziwa yalikuwa ya jana," nikasema.

Joselyne akafumbua macho.

"Yalibaki ya Jumapili. Sikutaka kuyamwaga. Niliyachemsha tena na tangawizi nyingi ili harufu isitoke. Na kwa kuwa nilifunga, sikuonja. Ningeonja ningejua yameharibika. Joselyne aliyanywa kwa heshima, yakamdhuru. Nimeona aibu kusema, ndiyo maana nilinyamaza. Sumu sikuweka. Niliweka ubahili."

Katika nchi hii mwanamke anaweza kusamehewa mambo mengi, lakini kumpa mtu maziwa yaliyolala na kuyaficha kwa tangawizi! Nilimsikia bibi mmoja akisema, "Yesu wangu, mwanamke wa mjini." Mwingine akaguna. Kisha mtu akacheka nyuma kabisa, na kicheko kikapita kwenye mikeka mpaka mbele, na kilipofika kwangu nilijua kwamba nimerudishiwa darasa. Wangemwogopa mwanamke anayeroga. Mwanamke bahili wa jikoni hawamwogopi, wanamsimulia.

Mimi ambaye masufuria yangu yanang'aa mtaa mzima! Mama yangu, Mungu amrehemu, angeinuka kaburini akanizaba kofi. Mashavu yalikuwa yakiniwaka, na aibu ile haikuwa ya kuigiza.

Jean-Berchmans uso wake ulikuwa umefunguka kabisa. "Mwarimu! Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Wewe ungesema?"

Amefikiri. "Oya, hapana," amesema. "Nisingesema."

Mama yake Gwiza amenitazama kwa huruma ambayo nitaikumbuka. "Sha, ukikosa maziwa tuma mtoto kwangu," amesema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Watu walipotawanyika Dirigiteri alinisogelea, mikono nyuma. "Mimi nilikulia kwa nyumba iko na ng'ombe mingi," amesema. "Maziwa ya jana inakuwa mgando. Hakuna mtu anaanguka na povu sababu ya mgando."

"Inategemea ng'ombe, Dirigiteri."

Akasema Jumatatu nisichelewe. Na bado sijui aliandika nini siku ile kwenye benchi langu la nyuma, wala sijaacha kumshuku.

Jumatatu, 2 Juni

Wamerudi karibu wote, hata wale wenye mashangazi. Nje ya darasa nimewasikia wakiniita Mama Mgando. Akimana amekuja mpaka mezani kunionyesha jino linalotikisika na amenivuta mkono nilishike. Nimelishika.

Jumatano, 4 Juni

Vumbi. Usumani amepewa salamu msikitini na mtu wa Gatsata, akaulizwa kama kweli mkewe huwapa watu maziwa yaliyolala. Amesema ndiyo, hata yeye anayanywa, na wamwangalie alivyonenepa. Amenisimulia akicheka mpaka akajichoma sindano. Nimesema safi.

Ijumaa, 6 Juni

Watoto walipoondoka Joselyne amekuja mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Mwarimu, utataka nini?"

"Nitataka nini kwa nani?"

"Kwangu. Hakuna mtu anajivunjia heshima vile bure." Mkoba alikuwa ameubana kifuani kama siku ile Kabeza. "Nimekaa wiki nzima nikingoja uniambie. Nimeona bora niulize, nijue. Kama ni kuomba uhamisho, nitaomba. Kama ni kumwacha Gwiza, useme sasa kabla ng'ombe hawajaja."

Nilishikwa na hasira nikainuka. Nilitaka kumwuliza ananiona mimi mtu gani. Lakini nilijiona mwenyewe, Aprili na Mei nzima, nikinusa salamu za watu, nikipima soda niliyofunguliwa, nikihesabu mara anazokwenda nyuma ya matangi. Mtoto huyu nilimfundisha herufi. Mengine alijifunza kwa kunitazama. Nikakaa tena, na nikasema kile ambacho kimenikaa rohoni tangu siku ile kuliko hata jina langu.

"Ndiyo. Nataka kitu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Siku ulipoanguka nilisimama tu. Jean-Berchmans alikubana mabega, nikamwacha akubane. Sikujua. Nataka unionyeshe nifanye nini."

Alinitazama, akitafuta mtego. Huo mtazamo naujua, ni wa kwangu. Kisha akaingia, akafunga mlango, akaweka mkoba kwenye benchi la mbele. Akatandika kitenge chake kwenye sakafu, mbele ya ubao, akalala kwa ubavu. Akaushika mkono wangu na kuuweka chini ya kichwa chake.

"Kichwa kwanza," akasema, "kisigonge chini. Nilaze ubavu hivi. Usinibane. Usiniwekee kitu mdomoni. Waambie watu watoke. Halafu ungoje."

Kichwa chake kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na kilikuwa na joto.

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka nirudi," akasema, na akafumba macho.